Difu ya Kuvuta au Difu ya Mbio? Mjadala wa Datsun 240Z ya Feri

MWENYE GARI: Mimi nimeshaamua. Nataka difu ya mbio, ile ya 3.364 iliyofungwa kwenye Datsun 240Z zilizopelekwa Marekani. Gari lina silinda 6 na lita 2.4, lakini nikipita Mariakani kwa kilomita 100 kwa saa injini inalia mpaka aliye kando yangu hanisikii. Saa ya raundi inasoma 3,400. Nairobi ni karibu kilomita 480 kutoka hapa Feri, Mombasa. Sitaki kwenda njia nzima namna hiyo.

FUNDI: Dada, kabla hujasema unayoitaka, niambie uliyo nayo.

MWENYE GARI: 3.9. Ndivyo vitabu vinavyosema kuhusu magari ya usukani wa kulia, yale ya Uingereza na Australia.

FUNDI: Vitabu vinaeleza gari lilivyotoka kiwandani. Hili lina miaka hamsini na ushei barabarani, na hapa Mombasa spea ikikosekana fundi hufunga kilichopo ili mteja afike kwake. Simlaumu fundi huyo. Ila usinunue krauni na pinioni kwa kusoma kitabu. Kwanza tuhesabu.

NAVIGETA WA ZAMANI: Na wengi hata kuhesabu kwenyewe hukosea.

FUNDI: Hukosea kwa sababu wana haraka. Weka gari mahali sawa, zuia magurudumu ya mbele kwa mawe, gia iwe huru, breki ya mkono iachie. Inua gurudumu moja la nyuma kwa jeki, uweke na stendi, lile la pili libaki chini. Piga alama ya chaki kwenye tairi na nyingine kwenye propela. Mtu mmoja azungushe tairi mara 20 kamili, mwenziwe alale chini ahesabu propela. Kwa kuwa gurudumu la pili limezuiwa, krauni huzunguka nusu tu ya hizo 20, yaani mara 10. Propela ikizunguka mara 39, una 3.9. Ikizunguka 35 na karibu nusu, ni 3.545. Thelathini na tatu na zaidi ya nusu, ndiyo hiyo 3.364 yako. Arobaini na moja na kidogo ni 4.111, na 43 na robo tatu ni 4.375. Watu huzungusha tairi mara mbili wakasema, "Ah, kama nne hivi." Hiyo "kama nne" inaweza kuwa difu tatu tofauti.

MUUZA SPEA: Mzee wangu, yote hayo ya nini? Kasha lenyewe lina chapa. Ukiona R180 umeshajua.

FUNDI: Umejua ukubwa. R180 maana yake krauni ina upana wa kama milimita 180. R160 ni ndogo, ilifungwa kwenye Datsun 510. R200 ni kubwa na nzito, na kwenye 240Z haiingii bila kubadili baa ya nyuma inayoibeba. Lakini chapa ya kasha haisemi meno. Ndani ya R180 unaweza kukuta 37 kwa 11, 39 kwa 11, 39 kwa 10, 37 kwa 9 au 35 kwa 8. Gawanya meno ya krauni kwa meno ya pinioni, hiyo ndiyo difu yako. Ukifungua mfuniko wa nyuma na kufuta oili, mara nyingi namba zimegongwa ukingoni mwa krauni. Hata zikiwepo, mimi huhesabu meno kwa kidole.

NAVIGETA WA ZAMANI: Tena mshukuru Mungu mnahesabu krauni. Sisi tulioanza na Peugeot 404 hatukuwa na krauni ya namna hii hata kidogo. Nyuma mlikuwa na parafujo ndefu inayosukuma gurudumu la meno, na fundi aliyezoea magari ya Kiingereza akifungua hushangaa. Gari hilo lilishinda mashindano ya magari ya Safari 1963, 1966, 1967 na 1968. Watu wa mabasi madogo waliliponda miaka na miaka na sehemu hiyo ikavumilia.

MWENYE GARI: Mzee, tafadhali, turudi kwenye langu.

FUNDI: Turudi. Dada, giaboksi yako ina gia ngapi?

MWENYE GARI: Nne.

FUNDI: Basi vitabu na gari lako havikuafikiana tangu mwanzo. Zile za Uingereza na Australia zilizotoka na 3.9 zilikuwa na gia 5. Za Marekani zilikuwa na gia 4, ndiyo maana zikapewa 3.364. Nyumba moja haiwezi kuwa na mlango wa hii na dirisha la ile bila mtu kuingia kati akajenga. Hiyo kilomita 100 kwa saa uliisoma wapi?

MWENYE GARI: Kwenye simu, kwa satelaiti. Saa ya gari siiamini.

FUNDI: Vizuri. Matairi yako ni 195/70 ya rimu 14. Tairi hilo huzunguka karibu mara 520 kwa kilomita. Kwa kilomita 100 kwa saa ni kama mizunguko 867 kwa dakika. Gawa 3,400 kwa 867, unapata 3.92. Gia ya nne haiongezi wala haipunguzi, ni moja kwa moja. Kwa hiyo difu ni 3.9, na kilio chote unachosikia kinatoka hapo: mtu alichukua difu iliyokusudiwa gia 5 akaiacha na giaboksi ya gia 4. Tutahesabu kwa chaki tuhakikishe, lakini nadhani nimeshaiona.

MWENYE GARI: Basi nimeshinda. Toa 3.9, weka 3.364. Ndivyo kiwanda kilivyozioanisha.

NAVIGETA WA ZAMANI: La hasha. Ukitoa 3.9 umetoa kitu cha pekee kilichobaki kwenye gari hilo kinachosema lilitoka kuja upande wetu wa dunia. Kilichokosewa ni giaboksi. Rudisha giaboksi ya gia 5, difu uiache ilipo.

MWENYE GARI: Na giaboksi ya gia 5 ya 1972 nitaitoa wapi, mzee? Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka 8, kwa hiyo siwezi hata kuleta 240Z nyingine mbovu nikaichinja. Kila kitu kije kipande kipande ndani ya kontena.

MUUZA SPEA: Ndiyo maana nipo. Dada, nina R180 iliyotoka Japani, ya Subaru Impreza STI. Usicheke. Nissan ilikuwa na hisa katika Fuji Heavy Industries, kampuni iliyokuwa ikiunda Subaru, tangu 1968 hadi mwishoni mwa miaka ya 1990. Difu zao ni za ukoo mmoja. Zipo za 3.9 na za 3.54, na ya kwangu ni ya 3.54, tena ni ile inayobana, LSD. Mfuniko wa nyuma wa Datsun unahamia juu yake, unaning'inia kwenye baa yako ileile. Hafshafti ndizo haziingii, meno ya ndani ni tofauti. Flanji za kuziunganisha, watu wa mashine wa Shimanzi wanazichonga.

NAVIGETA WA ZAMANI: Subaru! Gari hili aina yake ilishinda Safari 1971, Edgar Herrmann na Hans Schuller, na nyuma yao wa pili akawa Shekhar Mehta kwenye 240Z nyingine. Mwaka 1973 Mehta na Lofty Drews wakashinda wao, baada ya kufungana pointi na Harry Källström aliyekuwa kwenye Datsun 1800. Walifungana kabisa! Ikabidi iangaliwe nani alikwenda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu. Gari la Herrmann limehifadhiwa Japani mpaka leo. Halafu wewe ukaliwekee moyo wa Impreza.

MUUZA SPEA: Mzee wangu, mimi nakuheshimu. Lakini hizo timu za kiwanda zilikuwa na magari ya huduma njia nzima, na difu ikivunjika walifunga nyingine palepale. Dada huyu akikwama Mackinnon Road saa tano usiku hana gari la huduma. Ana namba yangu ya simu tu.

NAVIGETA WA ZAMANI: Wao walivunja nyingi kwa sababu walizipiga kwenye matope ya Pasaka kwa siku kadhaa mfululizo. Na walijua wanachokifunga. Nissan ilikuwa na meno mafupi zaidi kwa ajili ya mashindano, ya kuvuta, kuliko yaliyopatikana kwa wakala wa hapa, D.T. Dobie. Mwanangu, ukiniuliza mimi, uende upande wa pili kabisa. 4.375. Hapo ndipo injini ya silinda 6 inaimba.

MWENYE GARI: 4.375 na gia 4? Mzee, hiyo ni karibu raundi 3,800 kwa kilomita 100. Nitafika Voi nimekuwa kiziwi.

NAVIGETA WA ZAMANI: Kwa giaboksi ya gia 5 ni kama 3,230. Nimesema rudisha giaboksi.

MWANDISHI: Niingie kidogo, kwa sababu hapa ndipo mjadala unapopinda na msomaji anahitaji namba mbele yake. Mvuto wa gurudumu unatokana na giaboksi mara difu, na kila anayegombania difu peke yake anagombania nusu ya jambo. Giaboksi ya kwanza ya gia 4 ina gia ya kwanza ya 3.549, ile ya gia 5 ina 2.957, na gia yake ya tano ni 0.852. Gari la dada huyu lilivyo leo lina 13.84 kwenye gia ya kwanza na 3.9 kwenye gia ya juu. Akifunga 3.364 na gia 4, atakuwa na 11.94 chini na 3.364 juu. Akiacha 3.9 na kufunga gia 5, atakuwa na 11.53 chini na 3.32 juu. Yaani ile difu ya mbio ya Marekani na ile difu ya kuvuta ya Uingereza, kila moja ikiwa na giaboksi yake, zinakwenda barabarani karibu sawa kabisa: raundi kama 2,920 kwa moja na 2,880 kwa nyingine, kwa kilomita 100. Kwangu hilo ndilo linalofaa kukumbukwa na mtu anayesikia 3.9 akadhani ameshajua gari.

FUNDI: Ahsante. Sasa turudi kwa dada. Unakaa wapi?

MWENYE GARI: Likoni. Kazini ni Mbaraki.

FUNDI: Kwa hiyo unavuka feri kwenda na kurudi siku zote za kazi. Nairobi unakwenda mara ngapi kwa mwaka?

MWENYE GARI: Mara chache. Lakini gari hili silipandi kwenda kazini kila siku.

FUNDI: Hata hivyo kila unapolitoa, unapita Feri. Fikiria maji ya bamvua yakitoka. Ule mteremko wa gatini unakuwa mkali, wewe uko katikati ya lori la simenti na tuktuk, mbele watu wanatembea kwa miguu mamia kwa mamia, na unapanda kutoka feri kwa kasi ya binadamu. Leo, kwa raundi 1,000 kwenye gia ya kwanza, gari lako linakwenda kilomita 8 na kidogo kwa saa. Ukifunga 3.364 linakwenda karibu 10. Utaona tofauti ni ndogo, lakini mguu wako wa kushoto hautaiona ndogo. Umepoteza asilimia 14 ya mvuto, na klachi italipa. Nimenusa klachi nyingi hapo juu.

MWENYE GARI: Na giaboksi ya gia 5 anayoitaka mzee je? Kwa hesabu hiyohiyo ni mbaya zaidi pale gatini. 11.53 ni ndogo kuliko 11.94.

FUNDI: Ni kweli.

NAVIGETA WA ZAMANI: Kwa kiasi cha kutoonekana! Na unachopata badala yake ni gia nzima katikati. Kwenye gia 4 ukitoka ya tatu kwenda ya nne unaanguka kutoka 4.78 hadi 3.36. Ukipanda Kwale kutokea Kombani, ya tatu inapiga kelele na ya nne inachoka. Kwenye gia 5 na 3.9 una 5.11, halafu 3.9, halafu 3.32. Ile ya nne yenye 3.9 ndiyo gia ya mlima, ndiyo gia ya kulipita lori Taru bila kuomba dua. Huko ndiko gari la michezo linakoishi, mwanangu, kwenye gia mbili za juu. Gatini mtu anapita dakika tano.

FUNDI: Dakika tano pale gatini, ndiyo. Foleni yake je?

MWENYE GARI: Fundi, unasahau kitu. Siku hizi nikiwa Likoni sina lazima ya feri. Naweza kwenda zangu kwa Dongo Kundu, napita madaraja ya Mteza na Mwache, natokea Miritini na barabara ya Nairobi iko hapo. Kwa safari ndefu ndiyo njia yangu. Gari hili kwa kweli litaiona feri siku za kuja huku kisiwani tu.

MUUZA SPEA: Basi hoja ya gati imekufa.

FUNDI: Haijafa. Imepungua. Jumapili akija kupunga upepo Mama Ngina atapita wapi?

MWENYE GARI: Feri.

MUUZA SPEA: Ndiyo maana nasema 3.54. Iko katikati. Kwa giaboksi yake ya gia 4 ni raundi kama 3,070 kwa kilomita 100, gia ya kwanza inabaki 12.58. Hapotezi sana gatini, na barabarani kelele inapungua. Hatafuti giaboksi. Na ile LSD itamsaidia gatini kukiwa na majimaji na tope la kijani. Difu yake ya sasa gurudumu moja likiteleza, lile jingine linasimama tu linatazama.

FUNDI: Tujue kwanza kama ya sasa ni wazi au inabana. Inua magurudumu yote mawili ya nyuma, zungusha moja. Jingine likienda kinyume, iko wazi. Likifuata upande uleule, inabana, au kuna mtu aliichomea kwa welding, jambo nililolikuta kwa macho yangu kwenye magari ya vijana wa mbio.

NAVIGETA WA ZAMANI: LSD kwenye tope naikubali, hakuna asiyeikubali. Kwenye lami iliyolowa mvua ya kwanza, hapo mzunguko wa Makupa, mguu ukizidi kidogo magurudumu mawili huteleza kwa pamoja na mkia unatoka. Difu ya wazi inakusamehe. Mwanangu, umewahi kuendesha gari la kusukuma kwa nyuma lenye LSD?

MWENYE GARI: Hapana.

NAVIGETA WA ZAMANI: Basi usijifunzie Makupa.

MUUZA SPEA: Mzee anamtisha mteja wangu.

FUNDI: Hamtishi. Na mimi nina langu juu ya LSD: ikiwa ni ile ya sahani, inataka oili yake maalumu, si GL-5 yoyote ya kwenye rafu. Ukikosea, kila ukikata kona gatini inagonga. Na kwa ajili ya Mungu, ile GL-5 ya difu usiimimine kwenye giaboksi ya Datsun. Aina nyingi zake hula shaba ya singironaiza.

MWENYE GARI: Sawa, nimesikia habari ya oili. Nijibuni hili: kwa nini nisiwe na haki ya kulifanya gari langu ninavyotaka? Mzee analitaka liwe la 1971. Kijana analitaka liwe la Subaru. Fundi analitaka liwe la feri. Mimi ndiye ninayeendesha.

NAVIGETA WA ZAMANI: Haki unayo. Lakini sikiliza. Hili ni gari la aina ambayo hapa kwetu zimebaki za kuhesabika. Siku utakapotaka kuliingiza kwenye mashindano ya magari ya zamani, kanuni za FIA za magari ya kihistoria, Kiambatisho K, zinataka vipande vya zama zake. Safari Classic, ile iliyoanza 2003 na ikawa inaanzia au kuishia hapa Pwani mara nyingi, ina wakaguzi wake pia. Na ukilipeleka Nairobi kwenye Concours pale Ngong Racecourse, majaji wanalala chini kuangalia. Difu ya Impreza wataiona kabla hawajaona rangi.

MWENYE GARI: Mimi sishindani.

NAVIGETA WA ZAMANI: Leo. Atakayelinunua kwako je?

MWENYE GARI: Siliuzi.

MUUZA SPEA: Na isitoshe, mzee, nikifunga ya Subaru sikati kitu chochote. Ile ya zamani inafungwa kwenye gunia na grisi, inawekwa ghalani. Akitaka kurudisha 1971, inarudi siku moja.

NAVIGETA WA ZAMANI: Kitu kinachowekwa ghalani hapa Mombasa kwenye hewa hii ya chumvi hakirudi kama kilivyoingia. Kutu haingoji ruhusa.

FUNDI: Hilo nakubaliana nalo mia kwa mia. Tena zaidi ya chumvi kuna jambo hamjaligusa. Difu ikipata moto halafu ukaingia kwenye maji ya mvua yaliyojaa barabarani, kasha linapoa ghafla, linavuta pumzi kupitia kile kitundu cha hewa cha juu, na linavuta maji. Oili inageuka rangi ya chai ya maziwa. Hapo beringi ya pinioni inaanza kuimba. Dada, kilio chako kiko wakati wa kukanyaga mafuta, au ukiachia?

MWENYE GARI: Nikikanyaga. Nikiachia kinatulia. Na kuna kishindo nikianza kuondoka.

FUNDI: Kishindo hicho huenda si difu. 240Z ina mpira wa mbele unaobeba pua ya difu, na mkanda juu yake wa kuizuia isinyanyuke. Mpira ukikatika, kila ukiachia klachi pua inaruka na kugonga. Nimeona watu wakibadilisha difu nzima kwa ajili ya mpira huo. Kilio cha wakati wa kukanyaga, hapo naanza kushuku namna krauni na pinioni zinavyogusana upande wa kuvuta. Na kitu kingine: gari lako ni la kabla au baada ya katikati ya 1971?

MWENYE GARI: 1972.

FUNDI: Vizuri. Za mwanzo difu ilikaa mbele zaidi, hafshafti zikawa zinakwenda kwa mshazari, na zilichoka haraka. Nissan wakairudisha nyuma kama milimita 35. Lako limeshapata dawa hiyo. Lakini vipande vya kuibebea difu vya wakati ule na vya baadaye havifanani, kwa hiyo kijana, flanji na vibebeo hivyo unavyovitaja vipimwe kwenye gari hili, si kwenye picha.

MUUZA SPEA: Vitapimwa.

MWENYE GARI: Saa ya mwendo je? Mtu akibadilisha difu, si inaanza kudanganya?

NAVIGETA WA ZAMANI: Hilo ndilo swali zuri kuliko yote leo. Saa inachukua mwendo nyuma ya giaboksi, haijui difu. Ukitoka 3.9 kwenda 3.364 bila kubadili kigia cha waya wa saa, propela itazunguka mara chache zaidi kwa kila kilomita, saa itasoma pungufu kwa asilimia kama 14. Saa inasema 95, wewe uko 110, na sheria ina mwisho wake. Polisi wa Mtito Andei hawasomi saa yako.

MWENYE GARI: Kwa hiyo kila njia ina kitu kingine cha kununua.

FUNDI: Kila njia. 3.364 inataka kigia cha saa na inakunyang'anya mvuto gatini. Gia 5 inataka giaboksi ambayo haipo kwa jirani. Subaru inataka flanji, kigia cha saa, na moyo mgumu mbele ya mzee. Ukiniachia mimi, naweka mpira mpya, beringi mpya, oilisili mpya, nairudisha 3.9 ileile, na unavumilia kelele mpaka giaboksi ipatikane. Kelele haiui injini ile. L24 inaweza kukaa raundi 3,700 kutwa.

MWENYE GARI: Injini inaweza. Mimi siwezi.

NAVIGETA WA ZAMANI: Sisi tulikaa na kelele hizo usiku kucha tukisoma ramani kwa tochi.

MWENYE GARI: Nanyi mlikuwa mnalipwa kwa hilo, mzee, na mlikuwa na sababu. Mimi namchukua mama yangu kwenda kumwona dada yake Nairobi, na anataka kuzungumza njiani. Hiyo pia ni kazi ya gari.

NAVIGETA WA ZAMANI: Hapo sina jibu.

MUUZA SPEA: Basi dada, 3.54 niiandalie?

MWENYE GARI: Ngoja. Fundi, Jumamosi fungua mfuniko nikiwepo. Tuhesabu kwa chaki kwanza, halafu kwa kidole. Krauni ikiwa nzima, 3.9 inabaki, na natafuta giaboksi ya gia 5, hata ikichukua mwaka. Ikiwa imeliwa, siwezi kungoja mwaka. Kijana ataniletea yake.

NAVIGETA WA ZAMANI: Ikiwa imeliwa, nipe wiki mbili kabla hujaingiza hiyo Subaru. Kuna watu nilioshindana nao, wengine bado wana masanduku hawajayafungua tangu Safari ilipokuwa ikipita Uganda. 3.545 ya Datsun inaweza kuwemo humo. Nayo ni ya ukoo wake halisi, na namba ni ileile anayokuuzia kijana.

MUUZA SPEA: Wiki mbili siwezi kuishikilia, mzee wangu. Kuna mtu wa Kisauni anaisubiri kwa Impreza yake.

MWENYE GARI: Wiki moja. Yako au yake, itakayofika kwanza ikiwa salama.

FUNDI: Na wewe mzee, ukiipata, ije na pinioni yake. Zilisagwa pamoja, haziachani. Krauni ya huku na pinioni ya kule mimi sifungi, hata ikitoka kwenye gari la Mehta mwenyewe.